Siku ya Taifa Katika Mji wa Ukuta

Zamani, katika nchi nyingi, mji mkubwa ulizungushiwa ukuta. Usiku malango yalifungwa. Adui na mwizi walibaki nje. Siku hizi kuta nyingi zimebomolewa ili kupisha barabara na nyumba mpya. Lakini iko miji ambayo bado imezungukwa na ukuta wake. Mmoja ni Pingyao, katika Jimbo la Shanxi, nchini China.

Nilifika Pingyao tarehe 1 Oktoba, nilipokuwa China kwa mafunzo mafupi. Tarehe hiyo ni Siku ya Taifa. Siku kama hiyo mwaka 1949 ndipo ilipotangazwa Jamhuri ya Watu wa China. Kazi husimama kwa siku kadhaa, na mamilioni ya watu husafiri. Wengine huenda kuwaona wazazi. Wengine huenda kutembelea miji ya kale. Basi, siku ile Pingyao ilijaa. Bendera nyekundu zenye nyota tano zilining'inia kila duka. Watu walisongamana kama siku ya gulio. Ukisimama kufunga kamba ya kiatu, unasukumwa.

Kwanza tulipanda juu ya ukuta. Ukuta huu ulijengwa upya na kupanuliwa mwaka 1370. Kimo chake ni kama mita 12. Ukiuzunguka wote, utatembea zaidi ya kilometa 6. Una malango 6. Wenyeji huufananisha mji wao na kobe. Lango la kusini ni kichwa, la kaskazini ni mkia, na mengine manne ni miguu.

Je, ukuta huu umejengwa kwa nini? Ndani ni udongo ulioshindiliwa. Nje umefunikwa kwa matofali ya kuchoma. Sisi tunaojenga kwa udongo tunamjua adui wake: maji. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 mvua kubwa ilinyesha Shanxi, na sehemu ya ukuta ikaporomoka. Ukuta, hata ukiwa mkubwa namna gani, unahitaji kutunzwa.

Kisha tuliingia katika nyumba moja iliyokuwa benki ya zamani. Jina lake Rishengchang. Ilianzishwa mwaka 1823. Wakati ule mfanyabiashara aliyekwenda mbali alibeba vipande vya fedha, naye aliweza kuviziwa na majambazi njiani. Benki hii ilimwondolea hofu hiyo. Aliweka fedha zake Pingyao, akapewa karatasi iliyoandikwa. Alipofika mji wa mbali aliionyesha karatasi kwenye tawi la benki, akalipwa. Makarani waliandika tarehe na kiasi kwa maneno ya siri, ili mtu asighushi. Fikiri, ndugu msomaji: fedha zilibaki nyumbani, maandishi yakasafiri.

Tulipotoka, umati ulikuwa umeongezeka. Ulitutenganisha, mwenyeji wangu na mimi. Nilimwona kidogo, kisha sikumwona tena. Simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Jua lilikuwa linashuka.

Nilitazama huku na huku. Vibao vilikuwa kila mahali. Sikuweza kusoma hata kimoja. Maandishi ya Kichina hayana a, e, i, o, u. Sikujua duka lipi ni la dawa. Sikujua mlango upi wa choo ni wa wanaume. Mimi ninayefundisha watu wazima kusoma, siku ile nilikuwa kama siku ambayo mwanafunzi wangu anaingia darasani mara ya kwanza.

Watu husema asiyejua kusoma ni kipofu. Siku ile sikuwa kipofu. Niliona vizuri kuliko siku nyingine zote. Nilitazama mnara mrefu wa katikati ya mji, nikajua lango la kusini liko upande gani. Nilitambua duka la nyama ya ng'ombe ya chumvi, ambayo ndiyo sifa ya Pingyao, kwa sababu tulilipita asubuhi. Akili yangu ilikuwapo yote. Kilichopungua ni kimoja: sikuweza kwenda mahali bila kumwomba mtu.

Mfukoni nilikuwa na karatasi. Mwenyeji wangu alikuwa ameandika humo jina la nyumba ya wageni. Nilimpa mama mmoja aliyekuwa anauza tambi. Aliisoma, akatabasamu, akamwita kijana wake anisindikize. Tulipita vichochoro vitatu, nikafika. Namshukuru mama yule hadi leo. Lakini nilipokuwa namfuata kijana, nilijiuliza: je, kama ningempa karatasi ile mtu mbaya? Angenipeleka anakotaka yeye, nami nisingejua.

Ndugu msomaji, hilo ndilo jambo lenyewe. Leo sisi pia tunatuma fedha kwa simu. Fedha hazisafiri, linalosafiri ni neno, kama kule Pingyao. Asiyeweza kusoma ujumbe humpa mwingine simu, na pengine namba yake ya siri. Huyo mwingine akiwa mwema, salama. Akiwa mbaya, mavuno ya mwaka mzima yamekwenda.

Wewe sasa unasoma ukurasa huu mwenyewe. Basi ujumbe wa fedha usome mwenyewe, hata kama unasoma polepole na watu nyuma yako wana haraka. Stakabadhi ya pamba au ya mahindi isome kabla hujaondoka kwenye mizani. Na jirani ambaye bado hajui kusoma akikuletea karatasi, msomee yote, bila kuruka neno. Kisha mwambie darasa linaanza saa ngapi.

Maswali ya kujadiliana
1. Ukuta wa Pingyao umejengwa kwa vitu gani?
2. Karatasi ya benki ilimsaidiaje mfanyabiashara?
3. Katika kijiji chenu, ni karatasi gani ambazo watu husomewa na wengine?