Pikipiki Zangu Tatu

Nimepanda pikipiki tatu maishani mwangu. Ya kwanza ilikuwa ya namna ya zamani, ambayo oili huchanganywa na petroli. Hata usiku mmoja mtoto wa jirani akashikwa na homa kali. Nikatia petroli kwa haraka, nikasahau oili, nikampakia mtoto na mamaye. Tulipofika mlimani injini ikashika moto, ikakazana, ikazima kabisa. Mama akambeba mwanawe mgongoni, tukaenda kwa miguu hata zahanati, mwendo wa saa mbili. Mungu akamponya mtoto; lakini njia nzima sikuweza kumtazama mamaye usoni.

Ya pili oili yake ilikaa mbali na petroli, nikadhani sasa hakuna la kusahau. Kumbe, oili hiyo nayo hupungua na kuchakaa! Ya tatu, niliyo nayo leo, ni ya umeme. Haitaki petroli, lakini betri isipochajiwa haiendi.

Wanafunzi, vyombo hubadilika, bali kazi ya mwenye chombo ni ile ile. Kila jioni huiangalia pikipiki yangu kabla sijalala, maana sijui nani atabisha hodi usiku.