Nilinunua kichungi cha stima, nikapata jambo lingine

Wadau, wiki hii sina siasa. Naandika kuhusu kichwa changu, soketi yangu na elfu saba zangu ambazo hazitarudi.

Tangu Januari kichwa kilikuwa kinanigonga kila usiku. Sio ile ya kunywa maji ulale. Hii ilianzia nyuma ya macho nikihariri video, halafu usingizi unakataa mpaka saa tisa. Na kulikuwa na kitu kingine: nikiweka mkono juu ya laptopu ikichaji, nilihisi mtekenyo, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Nikajiambia basi, mimi ni wale watu mwili wao haupatani na stima.

Mtu asiyelala huzama YouTube. Huko nikakutana na habari za "stima chafu". Stima yetu Kenya ni volti 240, na wimbi lake linafaa kwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, laini. Lakini chaja, tivi na balbu za LED hukatakata umeme huo maelfu ya mara kwa sekunde, na makapi ya hiyo kazi hurudi kwa waya. Hiyo ni kweli, haina ubishi. Biashara imejificha kwa hatua inayofuata: kwamba makapi hayo ndiyo yanakuumiza, na kuna kichungi cha kuchomeka kwa soketi kitakachokuponya. Nikaagiza kimoja. Elfu saba, na kodi ya nyumba ilikuwa bado.

Mdogo wangu anasomea ufundi wa stima, na wakati huo alikuwa amekuja kukaa kwangu wiki chache. Alicheka kwanza. Halafu akaona nimefunga pazia mchana, akaacha kucheka.

"Sawa dada, tupime basi."

Kipimo chetu kilikuwa redio ya guka, ile ya betri yenye AM. Unaiweka mahali hakuna stesheni, unaisogeza karibu na vitu, unasikiliza. Karibu na balbu ya bei rahisi: krrrrr. Karibu na chaja niliyonunua kando ya barabara, kelele mpaka nikarudi nyuma. Chaja iliyokuja na simu, kidogo tu. Tukazima swichi kuu ya nyumba yangu na redio bado inanguruma, kwa sababu waya za ploti zimeungana na makapi ya jirani yanapita kwangu pia. Kuchomoa ile chaja na kubadilisha balbu moja kulipunguza kelele nyingi. Kichungi hatukukisikia kikifanya chochote, ingawa mdogo wangu alinikumbusha kwamba redio ya AM husikia sehemu moja tu ya hiyo kelele, na kichungi hulenga ya chini zaidi. Kwa hivyo akasema tupime kitu ambacho mimi nakijali, yaani kichwa.

Akafunika soketi na katoni. Kila jioni mimi nikiwa nje anarusha shilingi: kichwa cha shilingi, kichungi kinakaa, upande ule mwingine, anakitoa na kuchomeka ile chaja mbaya. Asubuhi naandika vile nimelala na ninachodhani kilikuwa chini ya katoni. Usiku 14, hakuna kuchungulia.

Nilipatia mara 6 kati ya 14. Usiku mbaya kuliko zote kichungi kilikuwepo. Usiku niliolala kama mtoto, chaja mbaya ilikuwa hapo hapo karibu na kichwa changu.

Nililia kidogo, sitadanganya. Sio kwa sababu ya pesa tu. Nilikuwa nimepata jina la ugonjwa wangu na sasa nanyang'anywa. Baadaye nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2005 kwamba dalili za watu kama mimi ni za kweli, ila hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha na mawimbi ya umeme. Mwaka huo huo watafiti wa London walikusanya majaribio 31 ya aina hii, watu 725, na hawakupata ushahidi thabiti kwamba wanaojisikia hivyo wanaweza kutambua mawimbi yakiwepo na yasipokuwepo. Kwa hivyo wale walioniambia "ni akili yako tu" hawakunisaidia, na aliyeniuzia kichungi pia hakunisaidia. Maumivu yapo. Nimepanga kwenda kupima macho, tutaona.

Lakini ule mtekenyo? Huo haukutoka kichwani.

Mdogo wangu alizima swichi kuu akafungua soketi. Matundu matatu nje, waya mbili ndani. Ya athi haipo! Chaja ya laptopu yangu hutumia njia hiyo kutupa makapi yake ardhini, na isipokuwepo, makapi yanabaki kwa chuma cha laptopu. Akapima na mita yake: karibu volti 115. Mkondo wenyewe ni mdogo sana, ndio maana natekenywa tu. Shida ni kwamba pasi au birika likiharibika ndani, umeme hauna pa kukimbilia isipokuwa kwangu.

Nikamfikiria jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa watoto wawili, ambaye huoga na sapatu za mpira kwa sababu shawa ya stima "huuma". Sote kwenye ploti tunafanya hivyo. Tunawafundisha wageni wavae sapatu, kama vile ni adabu.

Tulimwendea landilodi, wapangaji tisa. Akatuambia tumekaa hapo miaka yote na hakuna aliyekufa. Tukarudi tena na mita, tukampimia mbele yake, na yule mama akaja na watoto. Wiki mbili baadaye fundi alichimbia fimbo ya shaba nyuma ya tangi la maji na kuvuta waya ya kijani hadi ghorofa ya kwanza.

Sisi wa ghorofa ya tatu bado tunasubiri. Sapatu ziko mlangoni.