Kabla ya kumnyang'anya gemu, muulize anamwita nani

Mzazi, ukimsikia mwanao anasema usiku wa manane, "Ita roho sasa, kabla hajakurukia," usikimbilie kumpigia simu mchungaji wala shehe. Inawezekana hakuna mzimu wowote ulioitwa ndani ya nyumba yako. Inawezekana kijana anacheza Elden Ring, na roho anayoizungumzia ni msaidizi wa kwenye skrini.

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, mwalimu wa shule ya msingi, aliyasikia maneno hayo wiki mbili mfululizo kabla hajauliza. Mwanawe ana miaka 17, yuko kidato cha tano shule ya kutwa. Mashine ya PlayStation alitumiwa na mjomba wake anayefanya kazi Muscat, na usiku huzungumza kwa simu na binamu yake, kila mmoja akicheza kwao. Kilichomtisha mama si roho peke yake. Mtoto alikuwa anasinzia kwenye daladala, macho mekundu, na shuleni walishamwambia mama kwamba analala darasani.

Kwanza alidhani ni uraibu, na ana haki ya kudhani hivyo. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini orodha hiyo haisemi kwamba kila kijana anayecheza sana ni mgonjwa. Inataja mambo matatu: mchezaji ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya mambo mengine ya maisha, na anaendelea hata anapoona inamletea madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu angalau miezi 12, na iwe imevuruga masomo, kazi au uhusiano wake na watu.

Kukesha wiki mbili ni jambo la kufuatilia, ila peke yake halitoi jibu. Kwa hiyo Jumamosi moja mchana mama alivuta kigoda, akakaa pembeni ya mwanawe. Hakumuuliza ataacha lini. Alimuuliza, "Huyu mwanamke anayekuua kila siku ni nani?"

Mwanamke huyo anaitwa Malenia. Ni mmoja wa mabosi, yaani maadui wakubwa ambao mchezaji hukutana nao njiani, na wachezaji wengi humtaja kuwa mgumu kuliko wote. Elden Ring ilitengenezwa na kampuni ya Kijapani ya FromSoftware chini ya Hidetaka Miyazaki, ikatoka Februari 25, 2022, na nakala zaidi ya milioni 12 zilisambaa ndani ya wiki tatu za kwanza. Sifa yake kubwa ni ugumu. Mtu anaweza kufa mara hamsini kwa bosi mmoja, na kila mara anaanza pambano upya. Ina damu na mapigano ya panga, ndiyo maana Ulaya imewekewa umri wa miaka 16 kwenda juu na Marekani 17. Si gemu ya mtoto wa darasa la sita.

"Sasa hizo roho?" mama akauliza.

Kijana akamweleza. Mapema kwenye gemu mchezaji anaweza kupata kengele ndogo. Akiipiga akiwa kwenye eneo linaloruhusu, roho ya msaidizi inatokea na kupigana upande wake. Alama ndogo pembeni ya skrini humjulisha kwamba hapo inawezekana. Lakini kuna masharti. Kwenye pambano moja unaita mara moja tu. Msaidizi akifa, humpati tena mpaka uanze upya. Na kila msaidizi ana gharama. Wengi hukatwa kwenye mstari wa bluu, ule unaolipia pia uganga na mapigo maalumu. Mmoja, anayeitwa Mimic Tear, hukatwa kwenye uhai wa mchezaji mwenyewe.

"Kwa hiyo ukichelewa?"

"Ukichelewa umekwisha, Mama. Kupiga kengele kunachukua sekunde kadhaa, na hapo umesimama tu. Malenia akishakukaribia huna nafasi tena."

Hilo ndilo somo la kwanza ambalo wachezaji wa gemu hii hulipata kwa kufa. Mgeni humwita msaidizi akiwa amebakiwa na uhai kidogo, bosi yuko hatua mbili mbele yake. Kengele haijamaliza kulia, panga limeshamfikia. Mzoefu huita mara tu anapoingia, bosi akiwa bado mbali, halafu anakunywa chupa ya bluu au nyekundu kurudisha alichotumia. Wapo wanaoiweka akiba kengele mpaka nusu ya pili ya pambano, kwa sababu mabosi wengi, Malenia akiwemo, hubadilika na kuwa wakali zaidi. Lakini anayesubiri hivyo anasubiri kwa hesabu: anajua ni sekunde ipi bosi atatulia, na mstari wake wa bluu unatosha. Anayeita kwa kuzidiwa hana hesabu hiyo.

Somo la pili ni kuchagua. Wasaidizi ni wengi na kazi zao ni tofauti. Kuna mbwa mwitu watatu, wepesi, wanaomzunguka adui na kumchanganya. Kuna kiwavi wa baharini anayeelea na kurusha sumu kutoka mbali. Kuna askari watano wenye ngao kubwa wanaosimama kama ukuta. Mimic Tear huiga silaha na mavazi uliyovaa wakati ule unapopiga kengele, kwa hiyo ukiita ukiwa umevaa ovyo, unapata msaidizi aliyevaa ovyo.

Mama aliona askari watano wanatosha kwa bosi yeyote. Kijana akatikisa kichwa.

"Kwa Malenia hapana. Yeye kila akimpiga mtu, uhai wake unarudi. Hata akipiga ngao, unarudi. Ukimwekea watu wengi wa kupigwa, unamlisha."

Mama alinyamaza kidogo, halafu akacheka. "Kama wageni wetu wa Jumapili."

Kijana naye alicheka, maana alielewa. Baba wa nyumba hiyo alipata kiharusi miezi saba iliyopita. Upande wa kulia haufanyi kazi, na yuko kitandani. Tangu hapo kila Jumapili ndugu huja kumwona, na kila Jumapili mama hupika wali wa watu kumi na wawili, huosha vyombo mpaka usiku, huku mgonjwa amekaa muda mrefu bila kugeuzwa. Wageni huondoka wakisema pole. Nia yao ni njema, lakini kazi wanaiacha kubwa kuliko walivyoikuta.

"Sasa wewe huwa unamwita nani?" mama akauliza.

"Simwiti mtu. Shuleni wanasema ukiita roho hujashinda."

Kauli hiyo inajulikana kwa wachezaji wa gemu hii kila mahali. Wapo wanaoamini kwamba ushindi wa kutumia msaidizi ni nusu ushindi. Miyazaki mwenyewe alipohojiwa mwaka 2024, kabla ya kutoka kwa nyongeza ya gemu hiyo, alieleza kwamba yeye si mchezaji hodari, na alipoicheza alitumia kila kifaa na kila msaada uliokuwemo. Na hao roho hawamwongezei bosi nguvu. Bosi huongezewa uhai pale mchezaji anapoalika wachezaji wengine wa kweli kupitia intaneti. Maana yake, waliotengeneza gemu waliweka kengele ili ipigwe.

Mama alisema hivyohivyo kwa maneno yake: "Aliyeiweka hiyo kengele aliiweka ya nini?"

Kijana hakumjibu. Alimuuliza, "Na wewe Mama, mbona humwiti baba mdogo?"

Hapo ndipo mazungumzo yalipoacha kuwa ya gemu. Wauguzi walipomruhusu baba kurudi nyumbani walielekeza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili asipate vidonda vya kulala. Mchana dada wa kazi yupo. Usiku mama alijipangia zamu ya saa nne, saa sita na saa kumi, na kijana akaomba apewe ya saa nane tu. Mama alijua hivyo. Hakujua kwamba kengele ya simu yake ya saa sita na ya saa kumi ilikuwa inazimwa na mwanawe kabla hajaisikia, ili aendelee kulala. Mwanzoni kijana alikuwa anajilaza kati ya zamu na zamu. Mara mbili alipitiwa na usingizi. Baada ya hapo aliona ni heri asilale kabisa, akaanza kucheza mpaka alfajiri.

Baba mdogo ni mdogo wake mgonjwa, fundi wa kuchomelea anayeishi Kigamboni. Ana nguvu za kuinua mtu, na hajaoa. Mama hakuwahi kumwomba. Hakutaka ukoo wa mumewe useme ameshindwa kumtunza ndugu yao. Alikuwa anasubiri azidiwe kabisa, ili siku akiomba pasiwe na mtu wa kumlaumu. Yaani mama na mwana walikuwa na sababu ileile, kila mmoja upande wake wa ukuta: ukiita, hujashinda.

Jioni ile walikaa mezani kuchagua. Shangazi alitajwa kwanza. Ana moyo na anajua kuomba, lakini ana mgongo, na akija huja na wajukuu. Kijana akasema, "Huyo ni wa mchana, Mama. Akae na baba wamsomee." Jirani aliyewahi kuuguza mama yake alitajwa kwa ushauri, si kwa kubeba. Kwa kazi ya usiku lilibaki jina moja.

Walizungumza pia juu ya lini. Mama alitaka kusubiri mwisho wa mwezi. Mwanawe alimkumbusha kitu kingine cha kwenye gemu: msaidizi unayemwokota leo si wa kumpeleka kwa bosi leo. Kuna binti anaitwa Roderika anayewaimarisha, ngazi kwa ngazi mpaka ya kumi, kwa maua yanayookotwa zaidi kwenye mahandaki ya makaburi. Asiyeimarishwa hufa mapema, ukabaki peke yako na kengele umeshaitumia. Baba mdogo naye angehitaji siku kadhaa za mchana kufundishwa kumgeuza mgonjwa bila kumvuta bega lililopooza, kuweka mto kati ya magoti, kukagua kisigino na nyonga kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Nani angemfundisha, kama mama angesubiri mpaka naye aanguke?

Alimpigia usiku uleule. Alianza na salamu ndefu, akazunguka, mwisho akasema, "Shemeji, usiku nimezidiwa." Upande wa pili ulikuwa kimya kwa muda. Kisha shemeji akasema alikuwa anaogopa kujipeleka, asije akaonekana anamchunguza.

Sasa hulala hapo siku nne kwa wiki, Jumatano mpaka Jumamosi. Siku tatu zinazobaki mama na mwana wanagawana zamu kwa haki, na hakuna anayezima kengele ya mwenzake. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Kijana huyu hajafika hapo kila usiku, ila hasinzii tena kwenye daladala. PlayStation huzimwa saa nne kamili, na hakulalamika sana.

Malenia alianguka wiki ya tatu, Jumapili mchana. Kijana alimchagua Tiche, mwanamke wa kisu cheusi, mwepesi wa kukwepa, asiyempa Malenia mapigo mengi ya kujilishia. Alimwita mlangoni kabisa, bosi akiwa bado mbali. Hata hivyo alikufa mara kumi na moja siku hiyo kabla ya kushinda, kwa sababu msaidizi hakuondolei kazi yako. Anakupa tu nafasi ya kupumua adui anapogeukia upande wake. Rafiki yake shuleni alisema haihesabiki. Kijana akamwambia basi ahesabu za kwake.

Mzazi, mwanao akikesha na gemu, unaweza kuchomoa waya, na zipo nyumba ambazo hilo linahitajika. Lakini kabla hujachomoa, kaa naye nusu saa. Muulize anayemshinda ni nani, ana wasaidizi gani, na huwa anawaita wakati gani. Akisema hamwiti mtu, usiishie hapo. Muulize na shuleni anamwuliza nani hesabu zikimkataa, na hapo nyumbani ni kazi gani anaifanya bila kukuambia. Na kama una mgonjwa wa kuuguza, andika leo majina ya watu watatu na kazi ambayo kila mmoja anaiweza kweli, si ile anayopenda kuonekana anaifanya. Wapigie ukiwa bado una nguvu za kuwafundisha.