Baba, Mjomba na Bunge

Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, 106 wakaupinga. Vijana wakapigwa risasi nje ya Bunge. Hapa kwetu Malaba mjomba, mtu wa UDA, akasema watu wanalichukia Bunge kwa kuchochewa mitandaoni. Baba, ODM damu, akamjibu: "Shemeji, Bunge limekuwa karani wa Ikulu."

Mwezi uliofuata vigogo wa ODM wakateuliwa mawaziri. Sasa baba naye anasema ati tunachochewa.

Kila mmoja anaieleza hasira yetu bila kukigusa chama chake. Sisi tunauliza tu: mbunge akisema "ndiyo", anamsikiliza mama muuza ndizi hapa mpakani, au aliyempigia simu jana usiku?