Wageni wa Kisulutini

Mtu atokaye Mombasa kwenda Nairobi kwa njia kuu hufika Mazeras. Hapo njia ya kwenda Kaloleni huiacha njia kuu na kuelekea kaskazini, ikipita katikati ya minazi na mashamba ya mahindi na mihogo. Baada ya mwendo mfupi msafiri huingia Rabai, nchi ya vilima ambayo upepo wa bahari huifikia, lakini joto la kisiwani limepungua kidogo. Huko msituni zimo kaya za Warabai, na majina yake ni Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni. Katika mwaka wa 2008 kaya hizo, pamoja na nyingine za Mijikenda, ziliandikwa katika orodha ya mahali penye urithi wa dunia nzima. Pia huko, mahali paitwapo Kisulutini, lipo kanisa la kale ambalo ndani yake mna makumbusho, na karibu nalo zipo nyumba mbili zinazoitwa hata leo kwa majina ya Wazungu wawili, Krapf na Rebmann.

Habari za safari za watu hao zimeandikwa mara nyingi. Kila mtoto wa shule amesoma kwamba Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na kwamba Krapf aliuona mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849 alipokuwa Ukambani. Lakini safari ni siku chache tu katika maisha ya mtu. Siku zilizobaki ni za kutafuta maji, kupika, kuziba paa linalovuja, kuuguza wagonjwa na kusalimiana na jirani. Mgeni hupimwa katika mambo hayo, na katika mambo hayo wageni wa Kisulutini walikuwa wanafunzi, nao wenyeji walikuwa walimu.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Württemberg, nchi ya Wajerumani. Alitumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, CMS, akafanya kazi Uhabeshi tangu mwaka 1837 mpaka alipozuiwa kurudi katika jimbo la Shoa. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich huko Misri. Bibi huyu alionja taabu mapema, maana mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiani, katika nchi kavu iliyo karibu na Bahari ya Sham, wala hakuishi. Mwishoni mwa mwaka 1843 mume na mke walipanda chombo cha Waarabu huko Aden. Chombo cha kwanza kilivuja hata wakaokolewa kwa shida, lakini hawakuvunjika moyo, wakapanda kingine. Januari 1844 walifika Unguja, na Sayyid Said akawapa barua ya kuwajulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa kukaa.

Yafaa msomaji afikiri hali ya nyumba ile. Bibi Rosine alikuwa mjamzito, mbali na mama yake na dada zake, katika mji ambao hakuijua lugha yake vyema. Barua ya kwenda kwao ilichukua miezi mingi, kwa kuwa mfereji wa Suez haukufunguliwa mpaka mwaka 1869. Mumewe alijua Kiarabu, na kwa Kiarabu aliweza kuzungumza na wakubwa wa mji. Lakini Kiarabu hakikutosha sokoni, wala jikoni, wala kwa mwanamke aliyekuja kuwapa pole. Basi Krapf alianza kujifunza Kiswahili neno kwa neno, akiuliza jina la kila kitu na kuliandika kwa herufi za Kirumi. Msaidizi wake mkuu alikuwa Sheikh Ali, kadhi wa Mombasa. Mwezi wa Juni 1844 walianza pamoja kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kadhi alikuwa Mwislamu na mwenzake alikuwa padre, na kila mmoja aliishika dini yake. Lakini mwenye elimu hakumnyima elimu mgeni aliyeuliza kwa adabu.

Kazi hiyo haijatimiza miezi miwili, msiba ukaingia nyumbani. Julai ilipoanza Krapf alikuwa kitandani kwa homa kali, na katika hali hiyo Bibi Rosine alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye yeye naye alishikwa na homa. Tarehe 13 Julai 1844 alifariki, na mtoto akamfuata mamaye kabla juma halijaisha. Mume alikuwa dhaifu hata kusimama kulimpa taabu. Kwa kulifuata ombi la marehemu, alizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, ili watu wa bara wapitao njia wapaone mahali pake. Kaburi hilo lipo hata leo upande wa Nyali.

Siku zile watu wengi wa Ulaya waliamini kwamba homa hiyo huletwa na hewa mbaya itokayo penye matope na majani yaliyooza. Dawa ya kwinini ilijulikana, lakini adui mwenyewe hakujulikana. Zaidi ya miaka 50 ilipita kabla ya Ronald Ross kuonyesha, mwaka 1897, kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Basi familia nyingi zilifunga madirisha kwa kuihofu hewa, huku mbu wakiingia mlangoni. Tena yajulikana leo kwamba mwanamke mjamzito na mtoto mchanga ndio wanaodhuriwa upesi zaidi na malaria. Kwa hiyo chandarua kilichotundikwa vizuri juu ya kitanda cha mzazi ni jambo kubwa, ingawa huonekana dogo.

Krapf alikaa peke yake karibu miaka miwili. Tarehe 10 Juni 1846 alimpokea Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen, nchi ile ile ya Württemberg. Wakakusudia kukaa bara miongoni mwa Warabai. Siku zile watu wa Mombasa waliwaita Wanyika wote waliokaa nyuma ya pwani. Jina hilo halipendwi leo, na wenyewe hujiita Mijikenda. Krapf alikwenda kwanza kwa wazee wa Rabai kuomba ruhusa, wala hakujenga kabla ya kupewa jibu. Wazee walishauriana, wakakubali. Mwezi wa Agosti wageni walihama, wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa. Walipanda vilima vya Rabai wakiwa na punda mmoja tu kwa wagonjwa wawili.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo ilivyokuwa. Wenyeji walisaidia katika kujenga, lakini kila mtu alikuwa na shamba lake na shughuli zake, na kazi ya mgeni ilisubiri. Basi wageni wenyewe walishika kazi. Waliufuata mtindo wa nchi, yaani miti, fito, udongo na makuti. Walitupa udongo ukutani na kuusawazisha kwa viganja vyao, mikono ikitoka damu kwa miiba na mawe. Kwao Ulaya watu wenye elimu kama yao hawakuzoea kuonekana wamepakaa matope mpaka viwikoni. Huko Rabai hapakuwa na njia nyingine, wala hapakuwa na aibu, maana kila mzee aliyepita aliijua kazi ile.

Yalikuwapo mambo mengine ya kujifunza ambayo hayakuhusu udongo. Juma la Mijikenda ni la siku nne, na siku moja katika hizo ni ya kupumzika shamba. Juma la wageni lilikuwa la siku saba. Kwa hiyo mara nyingi jirani alikuwa kazini siku ambayo mgeni alipumzika, na siku ya mapumziko ya jirani mgeni alikuwa kazini. Kulikuwa pia na jambo la ada. Mkono mtupu haulambwi, nao wazee waliona ni haki mgeni atoe zawadi kama wengine walivyotoa. Padre aliona kwamba maneno yake yenyewe ndiyo zawadi. Jambo hili lilileta manung'uniko kwa pande zote mbili, na halikumalizika kwa siku moja. Waliolipokea neno la padre walikuwa wachache sana kwa miaka mingi. Hata hivyo wazee hawakuwafukuza wageni wao.

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya yake. Baadaye alirudi kwa muda mfupi tu. Rebmann alibaki. Mwaka 1851 alikuwa amekwenda Misri na kumwoa Emma, mwanamke wa Kiingereza, na mwaka uliofuata bibi huyo alifika Kisulutini. Hivyo nyumba ya udongo ikawa tena nyumba ya mume na mke. Mtoto waliyempata hakuishi siku nyingi. Mwaka 1857 Wamasai walishambulia nchi ya Rabai, na Rebmann na mkewe, kama majirani zao wengi, walilazimika kukimbia. Hawakurudi mpaka mwaka 1859. Waliporudi walianza upya kujenga na kupanda. Emma alifariki mwaka 1866, baada ya kukaa katika nchi ya ugeni miaka kama 14. Jina lake halimo katika ramani yoyote, na vitabu vya safari humtaja kwa mstari mmoja au miwili. Lakini mtu aliyewahi kutunza nyumba mbali na kwao anajua uzito wa miaka 14.

Katika miaka hiyo yote kazi moja haikukoma, nayo ni kazi ya maneno. Mwaka 1850 kitabu cha Krapf cha sarufi ya Kiswahili kilipigwa chapa huko Tübingen. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Rebmann naye aliandika maneno ya Kinyika, na hata ya Kinyanja, ambayo aliyapata kwa mtu wa Nyasa aliyeletwa pwani kama mtumwa. Ni kweli kwamba baadaye, katika mwaka wa 1928, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, wala si Kimvita alichojifunza Krapf. Hata hivyo anayefungua kamusi ile huona humo maneno ya chombo na tanga, ya jiko na chungu, ya shamba na mnazi. Maneno hayo hayakutoka Ulaya. Yalitoka vinywani mwa watu wa Mombasa na Rabai, ambao majina yao mengi hayakuandikwa, nao waliyatoa bila malipo kwa mgeni aliyekuwa akiuliza, hiki chaitwaje?

Rebmann alizeeka huko huko. Macho yake yalififia, mwishowe akawa kipofu. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kukanyaga Ulaya, alikubali kurudi kwao. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemwongoza ni Isaac Nyondo, mmoja wa Wakristo wa huko, aliyesafiri naye baharini mpaka Ulaya. Sasa mambo yaligeuka. Isaac ndiye aliyekuwa mgeni katika nchi ya baridi, mwenye kusikia lugha asizozijua na kula chakula asichokizoea. Na yule mzee, aliyekuwa mgeni kwa miaka 29, alikuwa nyumbani kwao, lakini hakuweza kuiona. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Siku hizi wenyeji wa Kenya wengi huishi ugenini pia. Mwalimu wa kutoka Kisii hupelekwa Lamu, karani wa kutoka Taita hupelekwa Turkana, na wengine huvuka bahari kwenda kufanya kazi Arabuni na Ulaya. Wengi huondoka na mke na watoto, nao hufika mahali ambapo hata jina la chumvi hawalijui. Anayeenda hivyo akipata nafasi apite Rabai kwanza. Nyumba za Kisulutini si kubwa, wala hazina fahari. Lakini mbele yake mtu ataelewa kwamba mgeni hakai kwa nguvu zake peke yake, bali hukaa kwa ruhusa ya wazee, kwa maji ya jirani, na kwa subira ya watu wanaomfundisha maneno.