Mara Yangu ya Kwanza Paris: Kwenye Fuwele ya Kina Curie

Treni ya RER B ilinitoa uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, ikanishusha kituo cha Luxembourg. Nikafuata mtaa wa Gay-Lussac, nikaingia Saint-Jacques, nikaulizia mtaa wa Pierre na Marie Curie. Namba 1 ndipo ilipokuwa maabara ya Marie. Leo ni makumbusho.

Mimi hutengeneza hadubini Dar es Salaam, na ninaunda jukwaa dogo la kusogeza sampuli kwa hatua za nanometa, kwa vifaa vya bei nafuu. Nilitaka kukiona kifaa kilichotutangulia.

Wageni wengi walijazana kwenye ofisi ya Marie. Mimi niliganda mbele ya vyombo vyake vya kupimia miale: chemba, elektrometa na ubamba wa fuwele ya kwatzi. Ubamba huo huning'inizwa, na chini yake huwekwa mawe ya mizani. Uzito ukiuvuta, hutoa chaji inayolingana na uzito huo. Marie aliongeza uzito taratibu ili chaji ya kwatzi iifute ile iliyotokana na miale ya urani, jicho kwenye alama ya mwanga ya elektrometa isihame sifuri, huku saa ikihesabu. Hivyo ndivyo alivyopima mikondo hafifu mno, na mwaka 1898 yeye na mumewe Pierre wakatangaza poloniamu na radiamu.

Tabia hiyo ya fuwele kutoa chaji ikivutwa iligunduliwa mwaka 1880 na Pierre, kijana wa miaka 21, pamoja na kaka yake Jacques. Hata fuwele za sukari ya miwa walizijaribu. Mwaka 1881 Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake nacho lazima kiwepo: fuwele ikipewa umeme itabadili umbo. Ndugu wale wakathibitisha mwaka huohuo.

Kinyume hicho ndicho riziki yangu. Kile kisahani cha shaba kinacholia ndani ya saa ya kengele kimegandishwa seramiki ya piezo, yenye tabia hiyohiyo. Seramiki ikitanuka, shaba huizuia, basi kisahani kizima hupinda, na mpindo huo hukuza mwendo. Kwangua tabaka la fedha lililo juu ya seramiki kwa wembe liwe robo nne, kisha bandika kijiti katikati. Robo zinazotazamana zikipewa volti zinazopingana, kijiti huinama. Zote zikipewa volti sawa, hupanda au hushuka. Kisahani kimoja, mielekeo mitatu.

Tatizo ni kwamba seramiki hairudi kwa njia iliyoendea, na huendelea kutambaa hata volti ikiwa imetulia. Kosa laweza kuzidi asilimia 10 ya mwendo wote. Sisi tulikusudia kulipunguza kwa kununua seramiki ghali. Pale makumbusho niliona njia nyingine: Marie hakuusoma mkondo moja kwa moja, aliusawazisha hadi sifuri. Nasi tunaweza kufanya hivyo. Taa ya LED, kihisi cha mwanga na wembe unaokatiza mwanga huo vinatosha kuonyesha kijiti kimefika wapi. Kidhibiti hurekebisha volti mpaka tofauti kati ya hapo na mahali tunapokitaka iishe.

Kabla ya kulala niliwaandikia wenzangu wa karakana: fedha tulizotenga kwa ajili ya seramiki bora zinunue kihisi. Kisahani cha saa kinajua kusogea vya kutosha. Kinachohitaji gharama na subira yetu ni kupima.