Waridi Kwenda, Nyekundu Kurudi

Baba alituachia Peugeot 504 ya mwaka 1981, na tangu nipate akili nilijua kuwa ni ya waridi. Waridi kavu, ya tofali lililosahauliwa juani. Ukiiegemea, unaondoka na unga kwenye nguo. Watoto wa mtaa wetu hapa Malindi waliandika majina yao kwa kidole juu ya boneti, na majina yakasomeka wiki nzima.

Sikuwahi kuiendesha. Usukani ule ulikuwa wa baba peke yake. Baada ya arubaini yake mama alinitilia ufunguo mkononi, akasema, "Ipeleke Mombasa, mwanangu, ikatazamwe." Nikatoka alfajiri.

Ni mwendo wa kilomita kama 120 tu, na njia naijua tangu utoto, lakini nilikuwa nikiijua kutoka kiti cha nyuma. Penye mashimo gari lilibonyea na kuinuka taratibu, kama mashua inayopanda wimbi. Nikapita Gede, kisha msitu wa Arabuko Sokoke ukanifuata mkono wa kulia kwa muda mrefu, giza lake bado halijatoka. Sikupita mwendo wa 60. Niliogopa kuharibu kitu ambacho mwenyewe hayupo tena kukitengeneza.

Kabla ya daraja la Kilifi nikasimamishwa na askari. Akasoma kitabu cha gari, akalitazama gari, akakisoma tena. "Hapa pameandikwa nyekundu."

"Ndilo hili hili, afande. Limepigwa jua."

Akalizunguka, akanirudishia kitabu, akaniruhusu. Mimi nikavuka daraja nikiwa na swali lake. Nyekundu gani? Hata mimi sikuwahi kuiona.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa Majengo, mzee mwenye mikono iliyokauka kwa petroli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ya nani hii?"

"Ya marehemu baba."

"Mola amrehemu." Akaipapasa paa. Mwaka 1975, aliniambia, Ove Andersson aliposhinda Safari Rally na 504, yeye alikuwa kijana wa kushika spana tu, na tangu siku hiyo gari hizi hazijamtoka moyoni.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia bei ya kupuliza rangi mpya. Badala yake alifungua buti, akavuta mpira wa ukingoni, akaniita nichungulie. Chini ya ule mpira palikuwa na ukanda mwembamba mwekundu kama pilipili iliyoiva. Kisha akachukua kitambaa cheupe, akakitia polishi kidogo, akasugua pembe ya mlango. Kitambaa kikatoka chekundu. "Haijafunikwa," alisema. "Rangi ndiyo ngozi yenyewe."

Hilo ndilo lililoiokoa. Magari ya siku hizi hupakwa rangi, kisha juu yake tabaka angavu lisilo na rangi. Tabaka hilo likishaanza kubanduka kama ngozi ya nyoka, hakuna wa kulisugua likarudi, ni kupuliza upya. Ya baba haikuwa na tabaka hilo. Jua lilikuwa limeivunja gundi inayoishika rangi pale juu tu, ukabaki unga, na uso uliochakaa hutawanya nuru badala ya kuirudisha, ndipo nyekundu ikaonekana waridi. Nikakumbuka miaka aliyokwenda baba Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, gari likishinda nje tangu asubuhi hadi magharibi.

Tukaliosha kwa sabuni na maji mengi. Lilipolowa, likawa jekundu lote mbele ya macho yangu, na moyo ukaniruka. Lilipokauka waridi ikarudi.

Kazi ikaanza kivulini, bodi ikiwa imepoa. Fundi alibandika utepe wa karatasi kwenye kingo na mikunjo yote, kwa kuwa hapo rangi huwa nyembamba zaidi na mashine huila mpaka chuma. Akapaka kompaundi ya kusugulia mahali pa ukubwa wa sinia, akashusha mashine yenye sufi, mwendo wa polepole, mkono hautui. Akituliza mkono, joto linaiunguza rangi. Sufi ikawa nyekundu. Nikamwambia inatoka rangi, akasema ndiyo, kung'arisha ni kupunguza. Rangi yote ya gari haifiki unene wa karatasi chache, na kila anayesugua anachukua sehemu yake. Kwa hiyo alisugua mara moja, akatazama, akaacha. Pale ambapo wengine wangeongeza, yeye alipanguza na kupita. Nilimpenda kwa hilo.

Kwenye mlango wa dereva, chini ya dirisha, palikuwa pamelika hadi rangi ya chini, kijivu, pa ukubwa wa kiganja. Ni kiwiko cha baba, miaka yote ile. "Hapa mashine haina la kufanya," alisema. "Nipulize?" Nikamwambia apaache.

Baada ya kompaundi ikaja polishi laini kwa sponji, na mwisho nta, kwa mkono, nyembamba, ikaachwa ikafanya ukungu kisha ikafutwa. Nta ile hutokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi, uitwao kanauba; mti huo hujipaka nta ili jua lisiunyonye maji. Sisi tunaoishi kwa minazi tungepaswa kulijua hilo zamani.

Nikarudi jioni. Takaungu mvua ikanyesha, na maji yakasimama juu ya boneti kama shanga, yakikimbia nilipoongeza mwendo. Niliweka kiwiko dirishani bila kufikiri. Kilikaa palepale.

Mama alitoka na taa. Hakusema kitu kwa muda, akapitisha kiganja ubavuni, kikatoka safi. "Ilikuwa hivi hivi siku alipoileta," akasema.

Fundi alinionya kuwa nta haidumu pwani, niirudie kila baada ya miezi michache, na kwamba bila kivuli kazi yote ni bure. Kivuli cha mwembe hakitufai, utomvu na mavi ya ndege huila rangi. Asubuhi nikaenda kuagiza makuti na boriti nne.